Cheti kinasema 4717, chuma kinasema 4711: kisa cha bunduki iliyouzwa na hati zisizolingana nayo

Usuli

Mwenye kisa ni mkulima wa ngano na ng'ombe wa maziwa katika sehemu za juu za kaunti ya Nakuru, upande wa Mau. Hapa tutamwita Mzee K. Jina lake, kijiji, kituo cha polisi, duka la silaha na kampuni iliyounda bunduki vimeondolewa, na tarakimu za namba zimebadilishwa. Mfuatano wa mambo umeachwa jinsi ulivyokuwa.

Baada ya kuibiwa mifugo mara mbili kwa mwaka mmoja, Mzee K. aliomba leseni ya bunduki moja ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, ya mitutu miwili, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Maombi yalipitia kituo cha polisi cha eneo lake, akahojiwa, majirani wakaulizwa habari zake, alama za vidole zikachukuliwa. Aliporuhusiwa alikwenda kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa jijini Nairobi, akachagua bunduki na kuilipia, lakini hakuondoka nayo. Ilibaki dukani wakati maelezo yake yakipelekwa kuingizwa kwenye cheti. Wiki kadhaa baadaye aliitwa kuchukua vitu vyote viwili kwa pamoja.

Silaha za raia Kenya zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kununua au kuwa na silaha bila cheti. Kinakwenda mbali zaidi ya hapo: ni kosa pia kuwa na silaha kwa namna ambayo cheti hakikuiruhusu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti halali mkononi, kimelipiwa na kina picha yake, na bado bunduki iliyo kabatini isiwe ile ambayo cheti kinaizungumzia. Anayetoa cheti ni Bodi ya Leseni za Silaha, iliyowekwa na mabadiliko ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Tangu Desemba 2018, serikali ilipoagiza raia wote wenye leseni wakaguliwe upya, kumbukumbu za wamiliki zimekuwa zikitazamwa kwa jicho kali kuliko zamani. Tofauti ya tarakimu moja ambayo pengine ingepita miaka kumi bila mtu kuiona, siku hizi inasimamisha faili.

Mauzo haya yaliacha namba ya bunduki katika sehemu tano: kwenye cheti, kwenye risiti, kwenye rejista ya duka, kwenye lebo ya katoni na kwenye chuma chenyewe. Nne kati ya hizo zilikuwa zinasema kitu kimoja. Kisa kizima kinatokana na hiyo ya tano.

Yaliyotokea

Siku ya 1, Alhamisi. Karani wa duka alitoa katoni ghalani, akaunganisha bunduki juu ya kaunta, akampa Mzee K. aiweke begani aone kama kitako kinamkaa. Kisha akaigeuza katoni ubavu na kuonyesha lebo kwa ncha ya kalamu: "Angalia mzee, hapa 4717, na kwenye cheti 4717." Mzee akatazama lebo, akatazama cheti, akatia sahihi. Alikuwa makini: alikagua jina lake, namba ya kitambulisho, idadi ya risasi alizoruhusiwa na kiasi cha pesa kwenye risiti. Namba iliyopigwa kwenye chuma haikusomwa na yeyote kati yao. Aliondoka na bunduki na risasi 50, akasafiri kilomita zaidi ya 160 kurudi nyumbani, akipita vizuizi vya polisi vya barabara ile ya Naivasha na Gilgil.

Siku ya 5, Jumatatu usiku. Mzee K. alitoa bunduki kwenye kabati la chuma ili aifute grisi ya kiwandani na kuandika maelezo yake kwenye kaunta buku anamoweka kumbukumbu za shamba. Aliikunja, akahakikisha chemba zote mbili ni tupu, akaifuta kwa kitambaa, akamulika tochi. Chini, mbele kidogo ya kilinzi cha kifyatulio, palisomeka namba inayoishia 4711. Alifikiri ni grisi imejaa kwenye alama. Akafuta tena, akalaza tochi pembeni ili mwanga upite juu ya chuma kwa mshazari. Ile tarakimu ya mwisho ilikuwa mstari ulionyooka, bila kichwa. Alimwita binti yake mwenye macho mazuri asome bila kumwambia cheti kinasema nini. Naye akasema 4711.

Siku ya 6, Jumanne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alimpigia karani simu. Jibu lilikuwa: "Hilo ni kosa la kalamu tu mzee. Ilete Nairobi tutarekebisha." Shemeji yake, aliyekuwa amelala pale nyumbani, alikuwa na njia fupi zaidi: "Shemeji, hicho kichwa cha saba kwenye cheti si unakikwangua tu kwa wembe? Ibaki moja." Mzee alikataa la shemeji palepale. La karani lilimvuta zaidi, na alikuwa tayari ameanza kumtafuta dereva alipoamua kumpigia kwanza OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi.

OCS alimwambia asiitoe nyumbani. Alimtuma afisa mmoja, na bunduki ikapelekwa kituoni ikiwa tupu na imetenganishwa vipande, risasi zikiwa kwenye mfuko tofauti, cheti na risiti juu ya magoti ya mwenyewe.

Afisa wa ghala la silaha pale kituoni ndiye aliyefanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Aliondoa mbao ya mbele, ile inayoshikwa kwa mkono wa kushoto chini ya mitutu, akaigeuza. Ndani yake kuna chuma kidogo kinachoshika bawaba, na juu ya chuma hicho zilikuwa zimepigwa tarakimu tatu: 717, yaani tatu za mwisho za 4717. Mwili wa bunduki ulisema 4711. Mitutu ilisema 4711. Mbao ya mbele ilisema 717.

Siku ya 7. Mzee K. aliandika barua kwa duka na nakala kwa Bodi, akaambatisha picha.

Siku ya 9, Ijumaa. Duka lilimtumia kwa simu rasimu ya barua ya kurekebisha: "Tuliandika kimakosa 4717 badala ya 4711. Tunaomba cheti cha mteja wetu kirekebishwe." Kabla ya kuikubali, Mzee K. aliipeleka kwa wakili mmoja mjini Nakuru. Wakili aliisoma, akatazama picha ya ile mbao ya mbele, akauliza swali moja: "Na 4717 yenyewe iko wapi?"

Siku ya 12, Jumatatu. Mzee K. alipanda matatu hadi Nairobi bila bunduki. Mwenye duka, ambaye hadi hapo alikuwa amemwachia karani jambo hili, alifungua ghala mbele yake. Katoni yenye lebo 4711 ilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na bunduki 4717, na mbao yake ya mbele ilisomeka 711. Bunduki hiyo ilikuwa inamsubiri mteja mwingine, ambaye cheti chake kilikuwa kimeandikwa 4711.

Maamuzi, na sababu zake

La kwanza ni kutosafiri na bunduki. Karani aliposema "ilete" alikuwa anaizungumzia kama redio mbovu inayorudishwa dukani. Lakini kwa saa tatu au nne barabarani, Mzee K. angekuwa amebeba silaha ambayo cheti chake hakiitaji. Afisa wa kizuizini akiamua kulinganisha namba, hana njia ya kujua kwamba huyu ni mtu mwema anayerudisha kosa la duka. Anachokiona ni silaha yenye namba moja na hati yenye namba nyingine, na kwa kumbukumbu zake hiyo ni silaha ya mtu mwingine. Maelezo yatasikilizwa, lakini yatasikilizwa kituoni, na pengine mahakamani. Hati ndizo zinazopaswa kusafiri. Bunduki inakaa mahali pamoja, na mahali salama kuliko pote ni ghala la kituo kilicho karibu na nyumbani.

Hata zile kilomita chache za kwenda kituoni zina hatari hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Ndiyo maana simu kwa OCS ilitangulia na afisa akaja. Mtu akiingia kituoni na bunduki bila kutoa taarifa, kwanza anawashtua walinzi wa lango, pili anaanza maelezo yake akiwa tayari yuko mashakani.

La pili ni kutoigusa namba, iwe ya karatasini au ya chumani. Kukwangua cheti ni kughushi hati, na kosa hilo liko chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, mbali kabisa na Sheria ya Silaha. Mzee K. angegeuza kosa la duka kuwa kosa lake mwenyewe kwa wembe wa shilingi chache. Kwa upande wa chuma, alitumia kitambaa laini na mafuta mepesi tu. Hakutumia brashi ya waya, msasa wala ncha ya msumari kuchokonoa grisi. Alama iliyokwaruzwa haitofautishwi kirahisi na alama iliyochezewa, na ukishaikwaruza huwezi kuthibitisha ilikuwaje jana yake.

La tatu ni kutoipiga hata risasi moja. Shambani kuna mihimili ya kulengea na alikuwa na hamu ya kuijaribu. Uamuzi huo ulionekana mdogo siku ile, lakini ndio uliowezesha suluhisho la mwisho, maana bunduki ilirudi dukani ikiwa mpya na risasi zote 50 zilihesabika.

La nne ni maneno ya kwenye kitabu cha matukio, na hapa inafaa kukaa kidogo. Afisa wa zamu alianza kuandika kwamba "silaha imepatikana ikiwa na namba isiyolingana na cheti". Mzee K. aliomba kwa heshima sentensi isomwe kabla ya kufungwa. Neno "imepatikana" hutumika kwa silaha iliyonaswa au kuokotwa. Silaha ya namna hiyo huwa kielelezo, na kielelezo hakitoki ghalani mpaka uchunguzi uishe au mahakama iseme. OCS aliitwa, akakubali iandikwe hivi: mwenye cheti namba fulani amejileta mwenyewe, ametoa taarifa kuhusu tofauti ya namba iliyotokana na mauzo, na ameweka bunduki moja na risasi 50 kituoni kwa hifadhi hadi muuzaji na Bodi warekebishe. Namba zote tatu zilizosomwa kwenye chuma ziliandikwa humo. Akapewa namba ya OB, yaani ya kitabu hicho cha matukio, na hati ya kupokelewa yenye sahihi na muhuri. Kutoka hapo kila barua ilibeba namba ile ya OB kwenye mstari wa kwanza.

Risasi nazo ziliwekwa. Cheti huonyesha kiasi cha risasi mtu anachoruhusiwa kwa ajili ya bunduki iliyotajwa. Kubaki nazo nyumbani wakati bunduki iko kituoni kungezua swali jingine lisilo na sababu.

Barua ya siku ya 7 ilikuwa fupi. Aliiandika kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, na hakuna aliyeikataa. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Tarehe fulani nilipokea kwenu bunduki moja ya marisau geji 12. Cheti changu, risiti yenu na lebo ya katoni vinasema 4717. Mwili na mitutu ya bunduki vinasema 4711. Mbao ya mbele inasema 717. Sijaitumia. Imehifadhiwa katika kituo cha polisi, OB namba fulani. Naomba kwa maandishi: (a) nakala ya ukurasa wa rejista yenu unaohusu mauzo haya, (b) maelezo ya mahali ilipo bunduki 4717, (c) pendekezo lenu la kurekebisha. Sitaisafirisha bunduki hii bila maelekezo ya Bodi."

Haina lawama wala kitisho. Kila sentensi ni jambo linaloweza kuthibitishwa kwa kutazama. Ombi la (b) liliongezwa mwishoni, kwa sababu ya ile mbao ya mbele. Duka lililijibu la (c) peke yake, na wakili ndiye aliyeona kwamba (b) limerukwa.

La tano, na zito kuliko yote, ni kuikataa barua ya siku ya 9. Ilikuwa barua ya adabu, yenye muhuri, iliyokiri kosa, na ingepelekwa Bodi siku ileile. Lakini ilikuwa si kweli. Karani alikuwa na imani kabisa kwamba aliandika 7 badala ya 1, kosa ambalo mkono wa kila mtu umewahi kulifanya. Tatizo ni lebo ya katoni. Lebo ile ilichapishwa kiwandani kwa mashine, pamoja na msimbo wa mistari. Kalamu ya karani haikufika huko. Lebo iliyochapishwa inaposema 4717 na chuma kinasema 4711, maana iliyo karibu zaidi ni kwamba bunduki imewekwa kwenye katoni isiyo yake, na kwamba mahali fulani ipo katoni nyingine yenye shida hiyohiyo ikiwa imegeuzwa. Ile 717 ya kwenye mbao ilimaliza ubishi.

Kama Bodi ingerekebisha cheti kwa barua ile, Mzee K. angepata cheti cha 4711. Mteja wa pili alikuwa tayari na cheti cha 4711. Kungekuwa na watu wawili, katika kaunti mbili, kila mmoja na cheti cha bunduki moja, na bunduki 4717 ingebaki duniani bila cheti chochote. Kosa lingegunduliwa siku ya kuhuisha leseni, au siku mbaya zaidi kuliko hiyo, na wakati huo karani pengine angekuwa ameshaacha kazi.

Matokeo

Duka na Mzee K. waliandikia Bodi barua ya pamoja wakieleza kwamba hati zote mbili ziko sawa na kwamba zilizobadilishana ni bunduki. Jibu la maandishi lilikuja siku ya 26: cheti kisibadilishwe, muuzaji, kwa mamlaka ya leseni yake, apeleke 4717 kwenye kituo ambako 4711 imehifadhiwa, wabadilishane mbele ya OCS, taarifa irudishwe kwa Bodi.

Siku ya 29, Alhamisi, walikutana kituoni. Bunduki zote mbili zilifunguliwa juu ya meza iliyotandikwa shuka. Afisa wa ghala alisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, kwanza mwilini, kisha kwenye mitutu, kisha kwenye mbao ya mbele. Mzee K. alifuatilia kwenye cheti, mwenye duka kwenye rejista. Mbao za mbele zilirudishwa kila moja kwenye bunduki yake, na hapo ikaonekana kwa nini jambo hilo lilikuwa na maana hata kando ya karatasi: bunduki ya 4711, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na ulegevu kidogo kwenye bawaba, ilikaza ilipopata mbao yake. Sehemu hizi hulinganishwa kiwandani bunduki kwa bunduki.

Tukio la pili liliandikwa kwenye OB likirejelea la kwanza. Risasi zilihesabiwa, zikawa 50. Mzee K. alitia sahihi ya kupokea 4717, muuzaji ya kuondoka na 4711. Duka lililipa gharama za safari ya Nairobi na ada ya wakili baada ya kupewa risiti zake.

Uchambuzi

Makosa ya hati za silaha hufanana kwa sura, lakini yako ya aina mbili. Aina ya kwanza, karatasi imekosea na bunduki ni sahihi. Aina ya pili, karatasi ni sahihi na bunduki imekosea. Ya kwanza hutibiwa kwa kurekebisha hati, na anayerekebisha ni yule aliyeitoa. Ya pili hutibiwa kwa kurudisha bunduki mahali pake bila kugusa hati. Ukitumia dawa ya moja kwa nyingine, unazaa kosa la tatu ambalo halina alama. Swali la wakili ndilo linalozitenganisha, na linafaa kuulizwa kabla ya kuandika barua yoyote ya kurekebisha: namba iliyo kwenye hati ni ya bunduki ipi? Kama hakuna bunduki yenye namba hiyo dukani, kwenye rejista wala kwenye orodha ya shehena, basi kalamu iliteleza. Kama ipo, itafutwe mpaka ionekane kwa macho.

Uwezekano wa aina ya pili huwa mkubwa pale duka linapopokea bunduki kadhaa za aina moja kwa shehena moja, kwa sababu namba zake hufuatana au hukaribiana. Ilivyojulikana baadaye, bunduki hizi mbili zilitolewa siku moja, zikatenganishwa juu ya kaunta ileile ili wateja wazipime begani, na zikarudishwa kwenye katoni kwa kukisia. Mbao za mbele zilibadilishana, na katoni nazo zikabadilishana. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo na lilikuwa safi. Lililokosekana ni mtu wa kulinganisha daftari na mali.

Kilichoharibika zaidi ni pale kaunta. Karani alilinganisha karatasi na karatasi. Lebo ya katoni ndiyo iliyonakiliwa kwenye rejista, rejista ikanakiliwa kwenye risiti na kwenye maelezo yaliyopelekwa Bodi. Kwa hiyo hati nne zilizokubaliana zilikuwa shahidi mmoja aliyesema mara nne. Ushahidi huru pekee ulikuwa chuma. Anayenunua bunduki ya kukunja asome namba mahali patatu, mwilini, kwenye mitutu na chini ya mbao ya mbele, ikiwa kiwanda kimezipiga kote, tena aisome mwenyewe kabla hajaonyeshwa cheti. Ukishaambiwa ni 4717, jicho litaona 4717. Ile hekima ya Mzee K. ya kumwita binti yake asome bila kumwambia ndiyo ingefaa pale dukani.

Mnunuzi ajihadhari pia na namba zisizo namba. Chini ya mitutu, karibu na chemba, kuna mihuri ya majaribio ya usalama inayoweza kumchanganya mtu: 12 ni geji, 70 au 76 ni urefu wa chemba kwa milimita, 18 na pointi kidogo ni kipenyo cha ndani ya mtutu. Bunduki iliyopimwa Gardone Val Trompia huko Italia huwa na herufi mbili ndani ya kisanduku kidogo, nazo zinaonyesha mwaka wa majaribio. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoingia kwenye nafasi ya namba ya bunduki kwenye cheti. Tarakimu za kusomwa mara mbili ni 1 na 7, 3 na 8, 5 na herufi S, 0 na herufi O, 8 na herufi B. Kazi yote hiyo haizidi dakika kumi, na picha ya kila alama ibaki kwenye simu.

Siku nne za kuchelewa zilikuwa bahati kwamba hazikuwa miezi. Kukagua usiku uleule wa kufika nyumbani kungemweka mahali pazuri zaidi, kwa sababu kadiri muda unavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kueleza kwamba bunduki ilitoka dukani hivyo na haikubadilishwa baadaye.

Simu ya kwanza kwa karani haikuwa dhambi, ila haikuacha alama yoyote, na utaratibu ulikuwa mbaya: ilimpa mzee ushauri hatari kabla hajapata ushauri salama. OCS angetangulia. Kama ni lazima kupiga simu dukani, ujumbe mfupi ufuate dakika hiyohiyo ukirudia yaliyosemwa, ili tarehe na saa zibaki.

Rejista ya duka ilikuwa na tatizo lake dogo. Baada ya simu ile, karani alikuwa ameshapaka rangi nyeupe ya kufutia juu ya tarakimu ya mwisho na kuandika 1. Mwenye duka alilazimika kueleza doa lile kwenye barua ya Bodi. Njia ifaayo ni mstari mmoja unaoacha maandishi ya zamani yasomeke, namba sahihi pembeni, tarehe, sahihi, na neno moja la sababu. Katika kisa hiki hata hilo halikuhitajika, kwa kuwa mstari wa kwanza ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ni namba ya OB ya siku ya 6. Iliweka wazi kwamba mwenye cheti ndiye aliyeleta habari, lini, na bunduki ilikuwa katika hali gani. Kwa siku 23 zilizofuata hakuna ofisi iliyomuuliza Mzee K. kwa ukali, kwa sababu kila aliyefungua faili alianza kusoma kutoka hapo. Kama Bodi ingekaa kimya, alikuwa na Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vya kumwezesha kudai uamuzi wa haraka na sababu zake kwa maandishi. Wakili alikuwa ameandaa barua hiyo, haikutumwa.

Karatasi zote, yaani OB mbili, hati ya kupokelewa ya kituo, barua nne na jibu la Bodi, ziko kwenye bahasha moja pamoja na cheti. Afisa atakayehuisha leseni ya Mzee K. mwaka ujao atakutana na kumbukumbu ya bunduki kulala kituoni siku 23, na bahasha hiyo ndiyo itakayotangulia mezani.